Taa ya Njano Katika Gari la Kanisa

Nianze kwa kumshukuru Mungu, Baba wa rehema, aliyetutoa Uvira, Kongo, tukiwa hai na kututuliza juu ya udongo mwekundu wa Dowa, Malawi, mahali ambapo hatukuwa tumepanda lakini tulikula. Yeye ajuaye yaliyofichika moyoni mwa mtu anajua pia yaliyofichika ndani ya injini, na mimi alinionyesha yote mawili katika juma moja. Jina lake litukuzwe. Sasa nisimulie.

Vita vya kwetu vilikuwa bado vinawaka. Karibu kila juma watu wapya waliteremka hapa kambini Dzaleka na vifurushi vyao, wengine wa Fizi, wengine wa Bukavu, na kanisa letu la matofali mabichi lilizidi kujaa. Tulikuwa na vitu viwili vya kujivunia. Cha kwanza ni bafle, yaani spika, mbili kubwa za kwaya, zilizosikika hadi sokoni. Cha pili ni gari. Tuliachiwa na ndugu mmoja wa Bukavu, mshonaji aliyekuwa na duka mjini Lilongwe. Alipopata nafasi ya kuhamia ng'ambo na familia yake, alimkabidhi mchungaji ufunguo mbele ya kanisa zima. Lilikuwa gari refu, jeupe, la Kijapani, lenye nafasi ya kumlaza mgonjwa nyuma. Lilikuwa limezeeka, na mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba, lakini tulilipenda kama ng'ombe wa kwanza wa mtu aliyeoa juzi.

Dereva wake alikuwa mtu wa Fizi, wa miaka arobaini hivi, mkimya, aliyeendesha malori ya samaki kabla ya vita. Hakulipwa. Alifurahi tu kushika usukani tena. Mkewe alikuwa mshonaji, na gari lilipokwenda mjini alipeleka nguo zake kwa wateja wa mtaa wa Nsungwi. Huyu dereva ndiye ninayetaka mumjue, kwa sababu jina lake jema ndilo lililokuwa hatarini, na mimi ndiye niliyeliweka hatarini.

Ilianza na taa ndogo ya njano mbele ya usukani, yenye umbo la injini, ingawa sisi tuliona kama birika. Iliwaka siku moja gari likitoka mjini, ikakataa kuzima. Pamoja na taa hiyo mafuta yakaanza kwisha upesi. Mafuta yaliyotosha safari tatu za Lilongwe sasa yalitosha mbili, na moshi mweusi ukatoka nyuma.

Jumapili mchungaji aliliombea gari. Tulilizunguka tukaweka mikono juu ya boneti. Ibada ilipokwisha dereva akawasha, na taa ikawa imezimika! Akina mama walipiga vigelegele. Mimi mwenyewe niliruka, na magoti yangu haya. Lakini Jumatatu gari lilitoka, na kabla halijafika lami taa ikawaka tena. Jumapili iliyofuata tuliomba, ikazima. Jumatatu ikawaka. Jumapili ya tatu tuliomba, ikazima tena.

Watu wakaanza kunong'ona. Kanisa likiomba, taa inazima. Huyu mtu akiendesha, taa inawaka, na mafuta yanapotea. Basi tatizo liko wapi? Mimi nilikuwa mzee wa kanisa mwenye kazi ya nidhamu, na katika baraza la wazee jioni ya Jumapili hiyo ya tatu nilisema kwa sauti kile ambacho wengine walinong'ona. Niliwakumbusha habari ya yule wa Biblia aliyeficha vitu ndani ya hema lake hata jeshi zima likashindwa vitani. Nilifikiri nanena kwa Roho. Baraza likaamua: ufunguo ukae kwangu, gari lisitoke bila mimi, na Jumapili ya nne dereva ama aungame kwamba anauza mafuta, ama atengwe na meza ya Bwana.

Kufikia Jumanne hakuna mwanamke aliyempelekea mkewe kitambaa cha kushona.

Jumatano kulikuwa na mama mmoja wa kupelekwa hospitali Lilongwe kwa ajili ya macho. Niliingia mbele pamoja na dereva, ufunguo mkononi, kusudi nimchunguze. Kwa sababu ya mgonjwa aliendesha polepole sana, akikwepa kila shimo. Taa haikuwaka njia nzima. Nilimwangalia mara moja, naye akaniangalia.

"Papa," alisema, maana kwetu papa ni baba, "leo hii taa nayo inaniogopesha. Inawaka, niko mwizi. Haiwaki, niko mwizi zaidi."

Tulipomwacha mama hospitalini, akaniomba tupitie Nsungwi kwa fundi mmoja anayesifiwa. Nilikubali, maana nilitaka shahidi.

Fundi alikuwa Mmalawi wa makamo, mnene, mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua kali. Alikuwa amefanya kazi Mbeya miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu. Alipenda tulijue hilo.

"Karibu, abusa," aliniambia, jina wanalowapa wachungaji huku.

"Zikomo, asante, lakini mi si pasta. Niko mzee wa kanisa."

"Mzee wa kanisa ni pasta asiye na mshahara. Lete gari."

Akafungua boneti, akatafuta kisanduku kidogo cheusi chenye kifuniko, akakibandua. Ndani kulikuwa na matundu mengi kama ya sega la nyuki. "Magari haya ya zamani hayahitaji mashine," alisema. "Yanaongea yenyewe, mradi uyaulize." Alikunja kipande cha waya kama pini ya nywele, akachomeka ncha moja tundu hili na nyingine tundu lile, akamwambia dereva azungushe ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya njano ikaanza kupepesa haraka haraka, sawasawa, bila kupumzika.

"Hiyo maana yake, sina neno," fundi alisema. "Kompyuta ya gari haina shtaka lolote. Gari lenu ni zima."

Nilikuwa nimempata shahidi. Dereva alikuwa ameshika mlango, jasho likimtiririka.

"Papa, usiniangalie hivyo. Naapa mbele ya…"

"Usiape," nikamkatiza.

Fundi alikuwa tayari anashusha boneti. Mkono wake ukasimama hewani. Akaiinua tena, akainama, akagusa vichwa vya betri kwa kidole.

"Hebu," alisema. "Gari zima lina vumbi la kulimia mahindi, lakini hivi vichwa vinang'aa kama pete ya bibi harusi. Betri hii inatolewa mara ngapi?"

"Jumapili asubuhi inatoka, inaenda ku bafle za kanisa," dereva alimjibu. "Ibada ikiisha, inarudi. Na Jumatano jioni korali inafanya mazoezi, inatoka tena. Kambini hatuna umeme."

Fundi alituangalia mmoja mmoja. Kisha akaketi juu ya tairi kuukuu na kucheka hadi kofia ikamtoka.

"Abusa wangu! Kumbukumbu ya kompyuta inaishi kwa umeme wa betri. Ukiitoa betri, inasahau kila shtaka na taa inazima. Halafu ugonjwa ukirudi, taa inawaka upya. Ninyi mmeitoa, mmeomba, mmeirudisha. Hata mngeliimbia wimbo wa mpira ingezimika!"

Sikuupenda mzaha ule. Lakini hata kabla hajamaliza kucheka nilikuwa nimeelewa, na nilikosa mahali pa kuweka macho yangu. Majuma matatu nilikuwa nimemtwisha Roho Mtakatifu kazi ya spana, kisha nikatumia kazi hiyo kumhukumu ndugu yangu.

"Basi ugonjwa upo?" dereva aliuliza.

"Moshi mweusi unatoka?"

"Unatoka."

"Upo, umejificha tu. Pengine leo gari halikutikiswa vya kutosha. Taa ikiwaka tena, msiguse betri kabisa. Chomekeni waya hapa na hapa, mhesabu mapepeso. Makumi kwanza, mamoja baadaye." Alichana kipande cha mfuko wa saruji, akaninakilia kutoka daftari lake orodha ya namba na maana zake, akakataa hata asante yetu. Nikaukunja ule mfuko ndani ya Biblia yangu, na ule waya nikaufunga kwenye leso.

Njia ya kurudi sikuwa mtu yule yule. Tulipoacha lami na kuingia barabara ya vumbi, nilijikuta nimekaa ukingoni mwa kiti, nimekodoa macho kwenye ile birika ya njano iliyozimika, nikiomba kinyume cha yote tuliyokuwa tumeomba.

"Ongeza mwendo," nilimwambia.

"Papa, kuko mashimo."

"Njo maana! Ingia ndani ya mashimo!"

Aliniangalia kama mtu anayemsikia punda akisoma. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu Jumapili, akakanyaga. Shimo la kwanza lilinigongesha kichwa darini. La pili likafungua mlango wa nyuma. Nilikuwa nashika dashibodi kwa mikono miwili na kusema, "Washa, Bwana, washa!" Mwanamume wa kabaza alijitupa pembeni na baiskeli yake na abiria wake, wakatutazama vumbi likiwafunika. Na katika shimo la nne, ndugu zangu, taa ikawaka.

Tulipiga kelele kama watoto. "Imewaka! Haleluya, imewaka!" Sidhani kama kuna gari jingine lililowahi kushangiliwa hivyo kwa kuugua.

Tulifika kanisani yapata saa kumi. Kwaya nzima ilikuwa imesimama nje, na mama kiongozi wa kwaya, mwalimu wa zamani kutoka Bukavu, mpiga ngoma hodari, mwanamke ambaye hata mchungaji alimwogopa kidogo, alikuwa amekwisha kushika spana.

"Saa nzima tunangojea batri!" alisema. "Mulienda Lilongwe ao mulienda Bujumbura?" Injini haijapoa, yeye tayari ameinua boneti na kuweka spana kwenye nati.

Dereva aliruka. Alijilaza juu ya injini ile ya moto, kifua juu ya betri, mikono ameitandaza.

"Mama, ukitoa hii batri, umenizika!"

"Toka hapo. Ni batri, haiko mutoto."

"Leo njo mutoto wangu!"

"Basi mubebe mugongoni, lakini baada ya mazoezi."

Watu walicheka, lakini nilimwona dereva usoni, naye hakuwa anacheka. Nikaingia katikati. Nikaeleza upesi upesi habari ya kumbukumbu, ya waya na ya namba. Mama yule alinisikiliza huku amekunja mikono, spana ikitokeza kwapani.

"Kwa hiyo Jumapili zote zile tulizopiga vigelegele," alisema polepole, "ilikuwa ni mi na spana yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Eh! Na hamkuniambia hata asante." Akarudi nyuma hatua moja. "Sawa. Hesabuni. Muko na dakika tano."

Nikachomeka waya. Dereva akazungusha ufunguo. Taa ikapepesa, lakini safari hii haikupepesa mfululizo kama kule Nsungwi. Ilipepesa, ikatulia, ikapepesa tena. Gari lilikuwa na la kusema! Waimbaji ishirini wakajazana madirishani, kila mmoja akihesabu kwa sauti.

"Nne!" nilisema mimi.

"Nane," dereva alisema.

"Sita," alisema mtu wa besi.

Nikatazama ule mfuko wa saruji. Hapakuwa na nne, wala sita, wala nane. Orodha ilianzia kumi na mbili. Tukahesabu tena, tukapata kumi. Dereva alikuwa anagonga ngumi kwenye goti. Nilimwona mkewe amesimama mbali, pembeni ya ukuta wa kanisa, kitenge mdomoni.

"Nyamazeni!" Mama wa kwaya alinisukuma kidogo kwa kiuno chake, akaingiza kichwa dirishani. Alitazama taa. Kisha spana yake ikaanza kugonga mlango wa gari taratibu, ikifuata taa. Ko, ko. Akangoja. Ko, ko. Akangoja zaidi. Ko, ko. Akangoja. Ko, ko.

"Munahesabu mapigo, hamuhesabu kimya," alisema. "Inapiga mbili, inavuta pumzi ndogo. Inapiga mbili, inavuta pumzi kubwa, halafu inarudi mwanzo. Mutu wa ngoma hawezi kusema hii ni nne. Ni mbili, na mbili."

Makumi kwanza, mamoja baadaye! Maneno ya fundi yalinifunguka kichwani. "Ishirini na mbili!" nilipaza sauti, nikapeleka kidole kwenye karatasi. Nikasoma: *Ishirini na mbili. Sensa ya joto la maji. Tazama plagi na waya. Ikiharibika injini hudhani ina baridi, hunywa mafuta mengi, moshi mweusi.*

Dereva alitoka garini.

"Soma tena, papa."

Nikasoma tena.

"Pale pa mafuta. Soma kwa nguvu, batu basikie."

Nikasoma kwa sauti niliyoitumia kusoma Injili siku ya Krismasi: injini hudhani ina baridi, hunywa mafuta mengi. Kwaya yote ilisikia. Mkewe pale ukutani alisikia. Mwanamume yule, aliyevuka ziwa usiku na risasi zikipita juu ya kichwa chake, aliketi chini kwenye vumbi, akaweka kichwa kati ya magoti, mabega yakitikisika. Hakuna aliyecheka tena.

Kisha akainuka, akajifuta kwa kiganja, akaingia kazini. Ile sensa aliipata upesi, kidude kidogo cha shaba mahali mpira wa maji unapoingia kwenye injini, na plagi yenye nyaya mbili. Alipoichomoa, ndani ilikuwa imejaa kutu ya kijani kama mkate uliosahaulika. Pini moja ya kupitisha umeme ilikuwa imekwisha kulika.

"Imeingiaje maji humu?" mtu wa besi aliuliza.

Dereva alininong'oneza, karibu na sikio, ili wengine wasisikie: "Papa, ni yale maji ya Jumamosi."

Nilielewa. Mimi ndiye niliyeagiza kwamba gari la Bwana lisiingie siku ya Bwana likiwa chafu, na kila Jumamosi vijana wa kanisa walilimwagia ndoo za maji ya sabuni, nje na ndani ya boneti, hadi injini ing'ae. Mafundi wa dunia nzima hawangefanya hivyo. Wazee wa kanisa la Dzaleka walifanya, nami niliwasimamia kwa fimbo yangu.

Angeweza kulisema lile kwa sauti, naye alikuwa na haki. Alilinong'ona.

Plagi ilisafishwa kwa sindano ya cherehani ambayo mkewe aliitoa kwenye ukosi wa blauzi yake, na mafuta ya taa kidogo, na kile kipande kilicholika kikashikizwa kwa uzi wa shaba. Ndipo dereva mwenyewe akachukua spana mkononi mwa mama wa kwaya, akaifungua betri ili shtaka la zamani lifutike, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Sasa uimbe, mama." Waliimba, nami sijawahi kuzisikia bafle zile zikilia vizuri namna ile.

Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi betri haikutoka garini. Tulikwenda Madisi kuchukua mahindi, tukarudi Lilongwe kumchukua mama wa macho, tena kwa mashimo yote, kwa makusudi. Taa haikuwaka. Moshi ulikuwa mweupe na mwembamba. Mshale wa mafuta ulishuka kwa adabu. Nilikuwa nautazama kila dakika, nikimchosha dereva kwa furaha yangu.

Jumapili, ili betri isiguswe, kwaya iliimba bila bafle, kwa ngoma na koo tu. Mchungaji aliniita mbele nitoe taarifa ya baraza. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri yenye aya tatu, lakini niliposimama yote yakanitoroka. Nikasema kwamba nilimshtaki ndugu yangu wizi naye hakuiba kitu. Nikasema kwamba betri ndiyo iliyozima taa, na kwamba maji yaliyoharibu injini nilimwagisha mimi. Watu waliguna. Kisha nikamwendea pale alipokaa, nikapiga magoti, nikamwomba msamaha kwa sauti ambayo hata walio nje waliisikia.

Alinishika viwiko akaniinua kabla goti la pili halijagusa chini.

"Imekwisha, papa," alisema. "Nimekusamehe tangu pale ulisema, ingia ndani ya mashimo. Nilijua sasa uko upande wangu."

"Na wengine je?" niliuliza, nikawageukia wazee wenzangu. Wakasimama mmoja baada ya mwingine, wakaja wakamshika mkono. Wa mwisho alikuwa mchungaji, naye hakumshika mkono, alimkumbatia. Meza ya Bwana ilipoandaliwa, alikuwa wa kwanza kuitwa. Aliupokea mkate kwa kiganja chenye weusi wa girisi usiotoka kwa sabuni, na mkewe, kando yake, alipiga kigelegele katikati ya ibada takatifu, jambo lisiloruhusiwa kwetu. Mwenye kazi ya nidhamu alikuwa mimi. Nilipiga makofi.

Wewe unayesoma, popote Mungu alipokutuliza, nakuombea Bwana akulinde barabarani na nyumbani. Akupe watu wa kukusikiliza kabla ya kukuhukumu, na akupe wewe subira ya kuwasikiliza wengine. Mikono yako isikose kazi, meza yako isikose mkate, na jina lako likae jema mbele ya watu na mbele zake. Amina.